Siku Niliyoyavua Mabomba ya Shanzu

Nianze na aibu yenyewe nisije nikaiogopa njiani: kuna watu Shanzu ambao hadi leo wakinikumbuka, wananikumbuka niko juu ya meza na fulana ya ndani, nimekumbatia bomba la shaba kama mtu aliyeokolewa baharini, na chini yangu mgeni rasmi anajifuta upara. Lakini mtambo ule ulikuwa mzuri, na niliujenga mimi. Hilo nalisema hata leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeshapita kiwanda cha barafu Changamwe, vyumba vya baridi vya bandarini, na meli moja ya samaki iliyonifikisha Pemba ikanirudisha (kote huko sikufikisha mwaka), hata Baba, aliyefanya kazi ya ukuli miaka thelathini pasi na kuhama geti, akawa ananitambulisha kwa majirani zetu wa Chaani hivi: "Huyu mwanangu wa kwanza, bingwa wa kuanza kazi."

Basi Bi Hilda, Mjerumani mwenye hoteli ndogo, aliyekaa pwani mpaka ukimwita anaitika "abee", akataka kupika bia yake palepale hotelini, na kazi ya baridi akanipa mimi. Wengine walimshauri aweke mashine kwa kila tangi. Nikamwambia moja yatosha. Nikachanganya maji na glaikoli, ile dawa nzito inayozuia maji yasigande, mashine ikayapoza mpaka chini ya sufuri, pampu ikayasukuma hadi kwenye makoti ya chuma yaliyozunguka matangi matatu ya bia, na kila tangi likawa na vali inayofunguka bia ikipata joto na kujifunga ikipoa. Mashine nikaiweka nje, upande wa upepo wa bahari, ipate kupumua. Ilifanya kazi kidogo na kupumzika sana, na bia haikutoka kwenye nyuzi nne.

"Ufunguzi ukienda vizuri," Bi Hilda akaniambia, "mtambo utautunza wewe. Ukiharibika, naita watu wa Nairobi."

Nikamwalika Baba.

Sasa, mashine iko nje, matangi yako ndani nyuma ya kioo, kwa hiyo mabomba yalipita juu ya vichwa vya wageni. Wiki tatu yalikuwa yamefungwa magunia na nailoni, na asubuhi ya ufunguzi tukayavua ili tuyavishe sponji nyeusi mpya. Ndipo nikaiona ile shaba, na kila kona yake nimeichomelea mwenyewe. Mwachiru, fundi bomba wa Likoni, mkubwa wangu kwa umri, alikuwa ameshaanza kukata sponji.

"Tuyaache hivi leo," nikamwambia. "Kesho tutayavisha."

"Uchi?"

"Siku moja tu. Baba anakuja. Nikiyafunika ataona nini, sponji?"

"Ndugu yangu, hii ni Mombasa, tena mwezi wa tano. Hata soda ukiitoa kwenye friji yatoka jasho."

"Soda haijasuguliwa."

Akaweka kisu chini. "Haya, bwana harusi ni wewe."

Nikayasugua kwa ndimu na chumvi mpaka nikaiona pua yangu.

Saa tisa ukumbi ukajaa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, hewa nzito, watu wamebanana wakitoa pumzi. Baba akaingia na koti lake la kaki la bandarini, akainua kichwa, akayafuata mabomba kwa macho toka mwanzo hadi mwisho.

"Yote haya wewe?"

"Mimi, Baba."

"Na umemaliza?"

"Nimemaliza."

Tone la kwanza lilimwangukia mgeni rasmi kwenye upara. Akasogea hatua moja, la pili likatua kwenye hotuba yake, wino ukachuruzika. Bibi mmoja akaonja glasi yake akauliza mbona bia ina ndimu. Mashati meupe yakaanza kuingia madoa ya kijani ya shaba. Bi Hilda akadhani paa linavuja, akaagiza miavuli, na watu wakaifungua humo humo ukumbini.

"Zima mashine," Mwachiru akaninong'oneza.

Ningezimaje, na bia inamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye matangi? Ikipata joto, Nairobi wanaitwa. Nikapanda meza. Nikavua koti nikafunga kona ya kwanza, nikavua shati nikafunga ya pili, vitambaa vya meza nikavizungusha sehemu zilizonyooka, na wakati huohuo Bi Hilda ameshika kipaza sauti anasema, "Na sasa nimwite fundi wetu," akitafuta huku na huku mpaka akaniona.

"Fundi, wafanya nini huko juu?"

"Navisha bomba, Bi Hilda."

"Naona. Nawe wajivua."

Ukumbi mzima ukacheka, na mgeni rasmi naye chini ya mwavuli. Ikabaki kona ya tatu, inadondoka, nami nimebakiwa na suruali. Baba akaja mpaka mezani, akavua koti lake la kaki.

"Ulisema umemaliza."

"Bado, Baba."

"Shika. Maliza."

Nikaifunga. Matone yakakoma. Bi Hilda akaenda kwenye kipimajoto cha kila tangi, akarudi akasema polepole, "Nne, nne, nne." Mwachiru akawaambia waliokuwa karibu kwamba bomba lisilo na baridi halitoki jasho. Wengine wakapiga makofi, nami nikainama kushukuru nikiwa na fulana yangu.

Kesho yake tukavisha sponji, na mtambo ule niliutunza miaka sita, mimi ambaye kwingine kote sikufikisha mwaka. Tangu hapo nimezunguka sana, na popote niingiapo siondoki nikiwa nimeacha bomba uchi, hata aje nani kutazama. Koti la Baba sikulitoa. Tulizungushia sponji juu yake, na kama hawajalifumua liko mlemle, kona ya tatu.