Siku Tulipooka Chachu Yote

Mtaani kwetu mtu akitaka kujua kama kumekucha hakufungua dirisha, alinusa. Mkate wa baba mkwe wangu ulipita vichochoro vyote, ukaingia hata kwa wale wanaojifungia ndani kukwepa wanaowadai. Jina lake halisi lilibaki kwenye makaratasi. Watu walimwita Mzee Tanuri, na mgeni hakuhitaji kuelezwa kwa nini: mfupi, mpana, mwenye joto lake, na ukimkaribia bila adabu unaungua.

Nilipoolewa nyumba ile, mama mkwe hakunionyesha chumba changu kwanza. Alinishika mkono, akanipeleka bekari nyuma ya nyumba, akafunua chungu kimoja chenye uji mzito unaotoa mapovu na kunuka kama tunda lililoiva likapitiliza.

"Huyu ndiye mkubwa wa hapa," akaniambia. "Akisikia njaa, mpe unga na maji kabla hujampa mumeo chai."

Nikadhani nimeolewa na wendawazimu. Kumbe ile ndiyo chachu, ndiyo iliyoumua mikate yote ya Mzee Tanuri. Hamira ya dukani haikukanyaga pale. Kila alfajiri chachu yote ilimiminwa kwenye unga, na chungu kikasuguliwa kwa maji ya moto mpaka kikang'aa. Unga ukishaumuka, kabla mikate haijaingia tanurini, lilikatwa donge moja, likarudi chunguni, likalishwa, nalo ndilo la kuumua unga wa kesho. Donge la leo mtoto wa donge la jana, lile la jana mtoto wa la juzi, ukifuata ukoo huo unafika kwa baba yake Mzee Tanuri aliyelianzisha. Na sheria ilikuwa moja tu: anayekata unga wa mkate wa mwisho ndiye anayerudisha donge. Nyumba ikiwaka moto, donge kwanza, maji baadaye.

Sasa Mzee Tanuri alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja, bekari yake mwisho wa mtaa huohuo. Huyu mtaa ulimwita Mzee Ukoko, kwa sababu mkate wake ulikuwa na ganda gumu la kuvunjia nazi. Baba yao alipofariki, walishindwa kuelewana. Mkubwa alitaka mkate laini, mdogo alitaka mkate "wenye meno". Wakaliweka donge la marehemu mezani, wakalikata katikati kwa kisu kama watu wanaogawana shamba, kila mtu akaondoka na nusu yake. Tangu hapo salamu zao zilikuwa matusi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nililima mpaka mpini ukakatika, na hawakupatana. Kila penye watu, Mzee Tanuri alitangaza jambo moja: "Chachu ya yule bwana ilikufa mwaka ule wa mvua kubwa. Anawauzieni upepo wa pakiti!" Alilisema msibani, akalisema harusini, akamwambia hata daktari aliyekuwa anampima shinikizo la damu. Na kule mwisho wa mtaa mwenzake anajibu, "Mwambieni yangu iko hai, na ina adabu kuliko yeye."

Basi siku yenyewe ikafika. Mzee Tanuri amesimama mezani anakata mkate wa mwisho, mume wangu yuko mdomoni mwa tanuri na koleo lake refu la mbao, mimi niko mbele nauza. Mara wifi yangu, binti mkubwa wa mzee, akaingia mbio, kilemba mkononi, kiatu kimoja mguuni.

"Baba! Mwanangu amejifungua! Dume, na wote wazima!"

Yaani kitukuu! Mzee alikitupa kisu, akapiga ukelele, hata mimi niliyemzoea nikaruka. Akatoka na aproni yake, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni, akaanza kukumbatia kila aliyempita. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa ili aje kumpongeza. Fundi viatu alikumbatiwa mara mbili, akapiga chafya mara tatu. "Nina kitukuu! Mnasikia? Mimi, mnayesema nimezeeka!" Tulishangilia wote. Mimi nilicheza barabarani na mizani mkononi, na sioni haya kusema.

Wifi akabaki ndani, bibi mpya, machozi na kicheko pamoja. Akaona pembeni ya meza donge dogo la unga. Akajiambia, baba kanibakizia, huu utakuwa mkate wa mzazi. Akaliviringa vizuri, akampa kaka yake. Mume wangu akalipokea, akalitia tanurini bila swali, kwa kuwa kwa akili yake donge la kesho lilikuwa limesharudi chunguni. Mkate ukaiva, mdogo, mzuri, umeng'aa kama shavu la mtoto. Wifi akaufunga kwenye kitambaa, akaukimbiza hospitali ungali moto.

Mchana nikaenda kulisha chungu. Nikafunua. Kitupu. Kinang'aa hadi nikaiona pua yangu ndani.

"Baba watoto," nikaita taratibu, "donge liko wapi?"

"Chunguni."

"Chungu hiki ninachokitazama mimi?"

Akaja, akachungulia, akaingiza mkono kama mtu anayetafuta samaki. Wifi naye alikuwa ndiyo anarudi, bado anatabasamu.

"Wifi," nikamwambia, "ule mkate uliompelekea mzazi, unga wake ulitoka wapi?"

"Ulikuwa pale mezani, umekatwa tayari. Baba aliniba..." Mkono ukaenda mdomoni. "Mungu wangu!"

"Aliubakiza ndiyo, lakini si kwa ajili yako!"

"Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia? Huyu kaka yangu si alikuwa hapa? Au alikuwa sanamu?"

"Mimi nachoma," mume wangu akajitetea, "siulizi."

"Hata kwangu huulizi," nikamwambia, "ndiyo maana unavaa mashati yangu ukidhani ni yako."

Lakini mzaha ulituishia hapohapo. Mzee alikuwa mlangoni, sauti imemkauka kwa kutangaza kitukuu, ametusikia kila neno. Akaja akakitazama chungu, akaketi juu ya gunia la unga.

"Nani ameila?"

"Mzazi, baba," wifi akanong'ona.

"Alisema mtamu?"

"Alisema mtamu, ila... mchachu kidogo."

Mtu mwingine angecheka. Mzee alifungua aproni, akaitundika msumarini, na mimi katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuuona msumari ule umebeba aproni mchana. "Basi," akasema. "Zimeni tanuri."

"Baba, nikimbilie dukani tununue hamira," mume wangu akasema, "leo tu, halafu..."

"Mkate wa kuvimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki? Bora nikae." Akaitazama mikono yake. "Hiki ndicho kitu pekee kilicho hai alichoniachia baba. Nimekioka."

Nikaona mzee anakauka mbele ya macho yangu. Wanaume wa aina ile ukiwaondolea kazi, hawamalizi msimu. Nikaona hapa hapana wa kusema ila mimi, maana mume wangu heshima imemzidi na wifi hatia imemziba kinywa.

"Baba," nikasema, "ipo nusu nyingine. Kwa baba mdogo."

Loo! Akanigeukia. "Kwa nani? Chachu ya yule ilikufa..."

"Mwaka ule wa mvua kubwa, tumesikia. Lakini kama haikufa?"

Hapo ndipo palipomkaba. Ili apone, ilibidi mdogo wake awe mkweli na yeye awe mwongo, tena mwongo wa miaka yote ile, mbele ya mtaa mzima. Mama mkwe alikuwa kizingitini anachambua maharage, hajanyanyua uso.

"Nenda, mzee," akasema. "Iko hai."

"Umejuaje?"

"Nenda tu. Maharage yangu yanachelewa."

Akanyanyuka. Akachukua chungu kitupu, akakikumbatia kifuani, akatoka. Sisi nyuma yake. Na mtaa wetu hauhitaji tarumbeta: Mzee Tanuri kushika njia ya kwa Mzee Ukoko lilikuwa jambo la kuachia sufuria jikoni liungue. Fundi viatu akafuata na kiatu cha mtu mkononi. Kinyozi akafuata, na yule mteja wake wa nusu kichwa akafuata pia, shuka la kinyozi bado shingoni.

Mzee Ukoko alikuwa mlangoni pake, mrefu, mwembamba, mkavu kama mkate wake. Akatutazama mmoja mmoja, akamalizia kwa kaka yake.

"Umepotea njia?"

"Nimepita kuangalia kama bado unapumua."

"Napumua. Na hicho chungu? Kwenu bomba limekauka?"

Mzee Tanuri akakikumbatia chungu zaidi. "Nina kitukuu."

"Nimesikia. Tangu asubuhi unalia kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Hongera."

"Ahsante. Katika furaha hiyo..." Akasimama. Wifi akamsukuma kwa kiwiko. "Katika furaha hiyo, chachu yangu imeokwa."

Mzee Ukoko hakuelewa mara moja. Alipoelewa alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka na sisi tukaanza, mteja wa nusu kichwa akawa anajifuta machozi kwa shuka. Mzee Tanuri alisimama palepale, chungu kifuani, masikio yanawaka.

"Haya," Mzee Ukoko akasema alipopata pumzi. "Ukitaka ya kwangu, sema. Mbele ya hawa. Sema haikufa."

"Wewe mtoto, mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa wangu mwenye chungu kitupu. Sema!"

"Sema, baba," wifi akanong'ona.

Mzee akaangalia chini, akaangalia ndani ya chungu, kisha akainua uso. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini hata waliokuwa nyuma walisikia: "Chachu ya baba yetu, kwako, haikufa. Nilisema uongo."

Watu wakalipuka! Vigelegele, makofi, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilitegemea Mzee Ukoko atavimba kichwa kwa ushindi. Badala yake uso ulimbadilika. Akainua mkono tunyamaze.

"Hukusema uongo," akasema. "Ilikufa."

"Nini?"

"Mwaka uleule wa mvua. Maji yaliingia ndani, chungu kikaelea kama mtumbwi, kikapinduka. Ulikuwa unasema kweli muda wote, na mimi nakuita mwongo."

"Sasa mikate yako inaumuliwa na nini?"

"Muulize mkeo."

Sote tukageuka. Mama mkwe alikuwa amefika polepole nyuma yetu, ungo wa maharage ungali mkononi.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Mlitaka watoto wa shemeji walale njaa kwa sababu wazee wawili wanagombania ganda? Nilikata donge, nikalitia kwenye bakuli, nikafunika mboga juu, nikampelekea mama yao. Na ninyi wote mmekula mkashiba."

Mzee Tanuri akamgeukia mdogo wake, macho yamemtoka. "Kwa hiyo miaka yote hii unauza mkate wangu?"

"Na wewe leo umekuja kuomba wangu!"

"Ni chachu yangu hiyo!"

"Umeila! Hii ni yangu, nimeilea mwenyewe!"

"Umeilea na nini, na maji ya bomba lako lenye kutu?"

Haa, nilijua tumepona. Nilizoea kuwasikia wakitupiana maneno kupitia midomo ya watu, na sasa walikuwa wanatupiana uso kwa uso, pua karibu zinagusana, wote wawili wanang'aa. Mzee Ukoko akaingia ndani, akatoka na chungu chake. Kaka yake akanyoosha mikono.

"Nani akupe wewe? Kwa furaha yako hii utaimwaga njiani. Nabeba mwenyewe mpaka mezani."

Akatangulia. Wakapita mtaani wakibishana, mmoja na chungu kitupu, mwingine na chungu kilichojaa, na sisi nyuma tunaimba wimbo ambao hakuna aliyejua maneno yake. Mzee Ukoko hakuwa ameingia bekari ile tangu siku ya kugawana. Mlangoni alisita kidogo, akapitisha kiganja juu ya meza ya baba yake. Kisha akasema meza ni chafu, akakunja mikono ya shati, wakaanza kukanda. "Maji mengi hayo!" "Wewe kanda, acha kufundisha!" "Unaukanda au unaubembeleza?" Mume wangu akauliza kama awashe tanuri, wakamjibu kwa pamoja, "Sasa unangoja nini?"

Alfajiri ya kesho yake watu walikuwa wamejipanga nje kabla sijafungua. Unga umeumuka vizuri, umejaa beseni, unapumua. Mzee Tanuri amefunga aproni yake, kisu mkononi, lakini hakati. Anaangalia mlango. Mume wangu akamwambia, baba, moto uko tayari.

Mlango ukasukumwa. Mzee Ukoko akaingia, hakusalimu mtu, anatafuta mahali pa kuweka koti lake.

"Umechelewa," kaka yake akamwambia, na kisu kikashuka kwenye unga.

Nikampa aproni yangu mimi. Kisha nikatoka mbele, nikafungua dirisha la kuuzia, nikapaza sauti mpaka ikapasuka: mkate unakuja!