Mkwe Asiyelala Kwangu

Nafundisha sekondari hapa Bariadi, na kila mwaka tukifika mada ya utamaduni naandika ubaoni yaleyale: lugha, mila, imani, chakula, mavazi, kazi za watu. Wanafunzi wananakili. Kisha nawaambia kwamba utamaduni ni namna watu walivyokubaliana kuishi pamoja bila kuumizana. Hayo ya mwisho hayamo kitabuni, niliyatunga mwenyewe, na nilikuwa nayaringia kweli. Siku hizi nikifika hapo nageukia ubao haraka, maana uso unanichoma. Namkumbuka mama mkwe wangu, Philomena Nkinda wa Kasoli, ambaye leo haoni, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Huyu mama si mtu wa kuandikwa magazetini. Alizaliwa Bukundi kwenye ng'ombe, akaolewa Kasoli kwenye pamba, na mumewe akafariki yeye akiwa na mimba ya mtoto wa tano. Ndugu wa mume wakamwambia arudi kwao. Akawauliza, "Kwetu wapi? Shamba langu si hili hapa?" Akashika jembe, akalima, na watoto wote watano wakasoma mpaka waliposema wenyewe basi. Halafu ana sauti huyo mama! Akisalimia mtu kisimani, wa sokoni anaitika. Ananusa ugoro, anapiga chafya tatu, anacheka mpaka anajifuta machozi. Kanisani ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na akianza juu mno wote wanahangaika naye huko huko juu, hakuna wa kumsahihisha.

Kwangu mimi tu ndipo huwa ananyamaza. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawakai pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Tukikutana njiani anakaa pembeni na kujitanda khanga usoni, nami napinda. Tukiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati. Mgeni akituona atadhani tumegombana. Wapi! Ni heshima hiyo, tena kubwa. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu sijawahi kumtazama usoni.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, pamba imeshaanza kununuliwa, walikuja Bariadi madaktari wa macho kutoka mbali. Siku tatu tu, matibabu bure. Mke wangu Scola alikuwa masomoni Mwanza, akanipigia simu.

"Baba Monika, mama anaona ukungu tangu Pasaka. Bundala anamleta. Tafadhali, hakikisha anatibiwa."

"Wewe soma," nikamwambia. "Mama yako si mama yangu?"

Ijumaa mchana Bundala, mdogo wake Scola, akamfikisha kwa madaktari. Wakampima, wakamwambia siyo mtoto wa jicho, ni presha ya macho, na presha hiyo ikila haya macho hayarudi tena. Apasuliwe kesho yake, alale karibu, Jumapili aonwe tena kabla hawajaondoka. Basi wakaja kwangu. Mama, au mayu kama wanawe wanavyomwita kwa Kisukuma, akasimama nje, nyuma ya ukuta wa uani, kama inavyotakiwa. Bundala akaingia.

"Shemeji, mayu atalala wapi hizi siku mbili? Mimi sina budi kurudi, pamba yote iko nje."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Jumamosi hiyo nilikuwa nimemwalika mkuu wangu wa shule na afisa mmoja wa elimu waje kula kwangu. Nilisikia nafasi ya makamu mkuu iko wazi, na nilikuwa naitaka. Makochi mapya, vitambaa vimefuliwa, kuku wameshafungwa miguu. Nikachungulia dirishani nikamwona yule mama kwa mgongo: miguu ina vumbi, kopo la ugoro mkononi, kibuyu cha maziwa ya mgando kimefungwa kwa kitenge kilichochakaa. Nikawaza zile chafya tatu. Nikawaza ile sauti, Kisukuma kitupu, ikitokea uani wageni wakiwa na kijiko mdomoni. Nikaona aibu. Nimesema. Nilimwonea aibu mama aliyenipa mke.

Lakini hayo humwambii shemeji yako. Nikajificha ndani ya mila.

"Bundala, umekuwa Mzungu wewe? Mkwe alale kwa mkwilima, na binti yake hayupo? Tangu lini? Watu watatuonaje?"

"Hata kwa jirani?" akauliza taratibu.

"Majirani wa hapa ni watu wa kuja tu. Siwajui."

Mwongo mkubwa mimi! Nyumba ya pili aliishi mama Rhoda, mjane, Msukuma mwenzetu, ana chumba kitupu na anapenda wageni kupita kiasi. Mila yenyewe haikumfungia mkwe mlango hata siku moja. Mkwe akija, unamwombea malazi kwa jirani, chakula kinatoka kwako, heshima inabaki na mtu analala. Kila Msukuma anajua hilo. Bundala alilijua. Ila mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwalimu, akatazama chini.

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya ukuta, inacheka.

"Mwache, Bundala. Amesema kweli. Unaona mkwilima wangu? Amesoma mpaka akamaliza, na ya kwao hakuyaacha. Twende zetu, madaktari watarudi."

Wakaondoka. Kibuyu cha maziwa aliniachia mlangoni. Kesho yake wageni waliyanywa hayo maziwa, wakayasifu. Umakamu akapewa mtu mwingine.

Scola alipopiga simu nikamwambia, "Tuliona siyo vizuri alale hapa wewe hupo. Mila, unajua. Wamempa dawa ya matone." Matone alikuwa amepewa kweli, ya kushikilia usiku mmoja. Nikakata simu nikisema nina kipindi.

Madaktari hawakurudi mpaka Februari. Krismasi ile Philomena alianzisha wimbo akiwa amegeukia ukutani, watu wakadhani anatania. Februari tulimpeleka mapema sana, wa kwanza kwenye foleni. Daktari akammulika, akazima tochi, akasema tumechelewa. Scola, aliyekuwa ameshamaliza masomo, akauliza hata jicho moja? Daktari akasema hata moja.

Ningekuwa nimetukanwa, ningepumua. Kumbe Kasoli nzima wananisifu! Philomena alikuwa amesimulia kisimani, kanisani, kwenye mizani ya pamba, jinsi mkwilima wake alivyokataa kuvunja heshima hata kwa ajili ya ugonjwa. Kwenye kikao kimoja cha mahari mzee aliwanyooshea vijana kidole akasema, "Oeni, lakini muwe kama mwalimu Masalu." Nikasogezewa kiti cha mbele. Nilikikalia, jamani. Nilikalia kile kiti na nikapokea soda.

Mwezi uliopita nikasema basi, imetosha. Tukaenda Kasoli, mimi na Scola. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamenya karanga kwa kupapasa, mimi nikakaa upande wa mbele, Scola akasimama kwenye kona, katikati yetu. Nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Mwambie mama haikuwa mila. Nilikuwa na wageni. Nilimwonea aibu."

Scola akanigeukia. "Rudia."

Nikarudia.

"Na chumba cha mama Rhoda?"

"Kilikuwepo. Sikuuliza."

Hakupiga kelele. Alinitazama, na mimi nikatazama miguu ya kuku waliokuwa wakipita. Nilitamani anizabe kofi.

"Mwambie, Scola. Nataka ajue."

"Unataka upumue wewe," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikupanda hata kidogo. "Macho hana. Mume hana. Alichobaki nacho cha kujivunia mbele ya watu ni mkwilima wake. Nacho nikamnyang'anye leo, ili wewe ulale usingizi?"

Nikaokota kijiti, nikachorachora chini. Mimi, mwenye maneno ya kuwaandikia watoto ubaoni.

"Scola!" mama akaita kutoka nyuma, sauti ileile ya kisimani. "Mbona mnanong'ona? Anasemaje mkwilima?"

Scola akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Anasema karanga za mwaka huu ni nzuri, mayu."

"Eee! Ana jicho huyo," mama akasema, akacheka. "Mwambie nimemwekea mfuko mzima. Mwambie na ahsante, wakwilima wa siku hizi hawako hivyo."

Scola akanitazama, akingoja.

"Mwambie nimeshukuru," nikasema.