Ufunguo Chini ya Beseni

Wenzangu, nichekeni tu. Likizo hii nilitoka Gilgil kumtembelea shangazi yangu Karagita, kwenye ploti anakopanga chumba. Yeye alikuwa kazini kwenye shamba la maua, akaniambia ufunguo uko chini ya beseni, hapo mlangoni. Kweli nikaupata, nikafungua. Picha za ukutani sikuzitambua, nikadhani ni za wakwe. Nikapiga deki, nikachemsha chai, nikanywa vikombe vitatu na kulala fofofo.

Niliamshwa na mama nisiyemjua, bado amevaa gambuti za kazi. Badala ya kupiga nduru, Mungu ambariki, alinipa chapati.

“Kula kwanza, mwanangu,” akasema. “Na asante kwa deki. Shangazi yako ni mlango wa pili, anakutafuta ploti nzima. Hapa sisi wote tunaweka ufunguo chini ya beseni.”