Visikizi vya Watu Wawili

Mtaani wanamwita Besi, na ukimsikia akiongea utadhani ni utani wa makusudi, kwa sababu sauti yake ni nyembamba kama ya mbu aliyekosa chakula. Jina limetokana na kazi. Anatengeneza spika, redio, hedifoni, na vile visikizi vidogo vya waya vya kutumbukiza masikioni. Ni mume wa shangazi yangu, dada wa baba, na wawili hao wanagawana chumba kimoja cha biashara chenye milango miwili. Mlango huu, spika zimepangwa mpaka darini. Mlango wa pili, cherehani ya shangazi, vitambaa, na shangazi mwenyewe, ambaye kwa maneno hajawahi kushindwa na spika yoyote.

Wateja wa Besi, jamani, acha tu. Kuna kaka mmoja alibeba spika kubwa kama kabati, jasho linamtoka, analalamika haitoi sauti tangu asubuhi. Besi hakushika hata bisibisi. Akamwomba simu yake, akaitazama, akamwambia spika haina neno ila simu imeunganishwa kwa blutuu na spika ya jirani yake. Yaani tangu asubuhi yeye anaongeza sauti, jirani huko anatetemeka na kuta zake. Shangazi alicheka mpaka akashona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Ndiyo kawaida ya Besi: hafungui kitu kabla hajakipeleleza. Kwanza atakuuliza kama sauti umeiongeza. Usicheke, wengi hawajaongeza. Halafu atachomoa pini, atachokonoa tundu la simu kwa kijiti cha kiberiti, atatoa uchafu wa mfukoni ambao ungetosha kujaza mto. Ikiwa upande mmoja wa hedifoni umekufa, atakwambia uivae kinyume, wa huku uende kule. Ukimya ukihama, ugonjwa uko kwenye hedifoni. Ukibaki sikio lilelile, hapo hata yeye hana bisibisi ya kukusaidia. Hilo la mwisho alikuwa akilisema kama mzaha, na wateja wanacheka.

Sasa, mchana kazi ikipoa, Besi na shangazi wana benchi lao chini ya dirisha. Hukaa bega kwa bega kusikiliza mchezo wa redio, ule wenye mama mkwe mwenye roho mbaya ambaye kila mtu anangoja afe na hafi. Duka zima limejaa spika, lakini wao wanasikiliza kwa visikizi vya simu ya Besi, waya mmoja, kimoja kwake, kimoja kwa mkewe. Walianza hivyo enzi za uchumba, wakati kusikiliza pamoja kulikuwa ndiyo sababu pekee ya kukaa karibu namna ile mbele za watu. Ndoa ikaja, watoto wakakua na kuhama, benchi likabaki. Shangazi hukitia chake kwenye sikio lililo upande wa mumewe, kwa kuwa waya ni mfupi.

Basi siku moja, katikati ya mchezo, shangazi akasema chake kimekufa. Besi akakichukua, akakitia sikioni mwake, akasikia vizuri tu. Akamrudishia. Shangazi akasema hakuna kitu. Besi akakunja waya, akaukunjua, akatikisa kichwa kama daktari bingwa: waya umekatika ndani, ukikaa hivi unashika, ukikaa vile unaachia. Akaukata, akaulehemu upya.

Kesho yake, kimya. Akabadilisha pini. Kimya. Akatupa visikizi, akaleta vipya. Bado. Shangazi akasema labda ni sikio, analihisi limeziba kama lina maji na linavuma. Besi akamwambia sikio lake zima kabisa, mbona wanaongea na anajibu, na anajibu kupita kiasi? Tatizo ni vitu feki vya siku hizi. Shangazi akakubali. Hebu niambie, nani atabishana na fundi spika kuhusu spika? Akarudi kwenye cherehani, na wiki zikapita namna hiyo, fundi akiulehemu waya mzima.

Lililofichua mambo ni mteja. Alikuja mwalimu mmoja na hedifoni yake, upande mmoja umekufa. Besi akamwambia aivae kinyume, na kama kawaida yake akamfafanulia kwa sauti, maana mteja asipoelezwa hudhani ameibiwa. Shangazi alikuwa anasikia kutoka kwenye cherehani. Visikizi vyao vilikuwa mezani, vimechomekwa kwenye simu, redio inaongea. Akakichukua chake, akakitia sikio la upande wa pili. Akakitoa, akakirudisha sikio la upande wa mumewe. Akafanya hivyo tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho anajua hakimtoshi.

"Fundi," akasema. Hata nyumbani humwita hivyo. "Kumbe kizima."

Besi akacheka kwa furaha. "Si nilikwambia waya nimeuunga vizuri?"

Halafu akaona kisikizi kiko sikio lipi. Mwalimu wa watu hakuelewa kitu, akaondoka na hedifoni yake bado mbovu, na hakuna aliyemwita arudi.

Hospitali daktari aliuliza tatizo lilianza lini. Shangazi hakukumbuka. Besi alikumbuka, kwa sababu ndiyo siku aliyokata waya mara ya kwanza. Daktari aliongea kwa upole sana. Akasema sikio likizima ghafla namna ile, dawa husaidia zaidi mtu akiwahi siku za mwanzo. Sasa mshipa wa ndani umekufa, na sikio la pili nalo limeanza kudhoofika. Besi akauliza hicho ambacho angeuliza yeye tu.

"Daktari, waya wa ndani hauungwi?"

"Huo hauungwi, mzee wangu."

Njia nzima ya kurudi alitembea upande wa sikio zima la mkewe.

Sikio la pili lilienda taratibu, kama betri inayoisha. Walijaribu kifaa cha kusikilizia, kikampa shangazi makelele bila maneno, akakiweka kwenye kopo la vifungo. Na Besi akashikwa na wazimu wa kazi. Akaunda spika zake mwenyewe, kubwa kuliko za harusini, akazielekeza kwenye benchi. Siku alipoziwasha vikombe vilishuka kutoka rafuni. Shangazi akamwambia apunguze, anawaudhi watu. Besi akaruka kwa furaha, akadhani amesikia. Kumbe alikuwa amewaona majirani wakifunga madirisha.

Baada ya hapo wakarudi kwenye visikizi vyao. Kila akiulizwa kwa ishara kama kinasema, shangazi alijibu, "Kwa mbali. Kidogo kidogo." Basi kwa hicho kidogo kidogo Besi aliishi. Kila akipata muda alibadilisha pini, akatafuta visikizi vyenye sauti kali zaidi, akasafisha nyavu zake kwa brashi ya meno. Jioni, akifunga duka, anatuambia sisi wa ukoo, kwa ile sauti yake ya mbu, kwamba leo shangazi yenu amecheka mama mkwe aliponaswa mlangoni. Amecheka palepale panapochekesha. Kwa hiyo kuna kitu kinaingia, si ndiyo? Na sisi, ambao kwa midomo hatujambo, tulijibu ndiyo.

Juzi nilipeleka suruali ipunguzwe. Niliwakuta kwenye benchi, waya kati yao, mchezo unaendelea. Suruali nikaiweka kwenye cherehani na kuchukua kigoda. Mara simu ikaita, Besi akaichomoa kwenye visikizi ili aipokee, na hapohapo akaingia mteja na redio. Akasimama, akaenda kaunta na simu yake sikioni. Waya ukabaki mapajani mwa shangazi, pini inaning'inia hewani, kisikizi chake bado kiko sikioni. Hakuwa ameona. Alikuwa anamtazama mumewe.

Besi alipomaliza simu akageuka kumwangalia. Shangazi akacheka. Akatikisa kichwa, akapiga goti kwa kiganja, kama vile mama mkwe amefanya yake tena. Besi alipomgeukia mteja, uso wa shangazi ukazima, akakaa tu, amechoka, macho kwenye mgongo wa mumewe. Besi akageuka tena. Shangazi akacheka tena.

Safari hii Besi aliiona pini.

Alisimama pale na redio ya mtu mkononi. Mteja akamuuliza itakuwa tayari lini. Nilidhani atalia, au atafoka, au atakwenda kutafuta waya mwingine. Akaiweka redio chini, akarudi kwenye benchi, akakaa mahali pake. Akaiokota pini taratibu kutoka mapajani mwa mkewe na kuitia mfuko wa shati, ule mfuko ambao simu hukaa. Simu yenyewe ilikuwa kaunta. Akakitia kisikizi chake sikioni.

Shangazi akamtazama kwa pembe ya jicho, akingoja acheke ndipo naye acheke. Besi hakucheka kwanza. Alingoja pia. Wakakaa hivyo, waya umelegea kati yao. Mwishowe shangazi hakuvumilia, akatabasamu, akajaribu kicheko kidogo cha kubahatisha.

Naye Besi, macho yamejaa, akacheka palepale.