Fence za nyumba arobaini Ngoliba, na siku niliyoitwa mwongo mbele ya lab nzima

Wakuu, niaje.

Nimesoma za watu humu miaka mingi bila kuandika kitu, leo nimeona nitoe yangu. Sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa Majengo ya Thika humu atanitambua, naomba tu anyamaze.

Ilikuwa miaka ya tisini, ikielekea mwisho. Nilikuwa nimemaliza form four, nikapata kazi kwa project fulani ndogo hapo Ruiru. Jina naliacha, ilishakufa zamani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jatropha.

Kwa wale hawaijui, ni ule mti wa fence wenye utomvu, ng'ombe na mbuzi hawaugusi. Pwani wanauita mbono kaburi. Mbegu zake zina mafuta mengi, hayaliwi maana ni sumu, lakini yanaweza kuendesha engine. Hao watu walitaka wakulima wa sehemu kavu wapande, wakamue mafuta, posho mill za kusaga unga ziendeshwe bila diesel.

Sasa, boss wetu alikuwa mama mmoja mkali sana, sisi tulimuita Daktari. Alikuwa anasema kabla ya kuwaambia watu wapande, lazima tujue tuko na aina ngapi. Ukiwa na aina nyingi unachagua yenye mafuta mengi, unaizalisha na ile inayovumilia kiangazi, unapata kitu ya maana. Ukiwa na aina moja, hauna cha kuchagua.

Mimi ndiye nilitumwa kukusanya. Nilipewa baiskeli, box ya barafu, mifuko na fomu. Niende Ngoliba, kule kukavu mbele ya Thika, kila boma nikate majani na nichume mbegu, niandike jina la mwenye boma.

Nikaenda, wakuu. Jua la Ngoliba mnalijua. Nilipita boma arobaini, nikafukuzwa na mbwa, nikapewa uji, nikapewa matusi pia. Na nilikuwa naringa, kwa sababu nilikuwa naona aina tofauti kabisa. Hapa mti mrefu, pale mfupi, huu majani mapana, ule mbegu ndogo.

Kulikuwa na mstari mmoja kwa fomu, "asili ya mmea". Nikiuliza mwenye boma, ananiambia "ni ya hapa hapa." Nami naandika "hapa hapa". Fomu zote arobaini. Hii kitu ikumbukeni.

Majani yakaenda lab. Kwa lugha rahisi, wanasaga jani, wanatoa DNA, wanaipitisha kwa kitu kama jelly yenye umeme, inatoa vimistari. Mimea tofauti, mistari tofauti. Inapigwa picha.

Asubuhi moja Daktari akaniita. Watu wote wa lab walikuwa wamesimama hapo. Akaweka picha mezani.

"Hebu niambie unaona nini."

Nikaangalia. Mistari ya boma la kwanza ilikuwa sawa na ya pili. Ya pili sawa na ya tatu. Mpaka mwisho. Arobaini zote, kama mtu amepiga photocopy.

Nilidhani ni mashine imeharibika. Akasema wamerudia mara mbili.

Halafu akatoa fomu zangu. Hapa hapa, hapa hapa, hapa hapa.

"Ulikaa kwa mti mmoja, ukajaza mifuko yote, ukaandika majina ya watu," akasema. "Na vile unatoka hapa kila Ijumaa kuenda kuswali."

  Afadhali angenipiga. Hiyo ya kuswali iliniuma kuliko zote, kwa sababu kwa hiyo lab nzima Muislamu nilikuwa peke yangu, na sasa nilikuwa nimeaibisha wengine ambao hata hawako.

Akaniambia niende nyumbani, wataniita. Mnajua maana yake.

Nyumbani sikusema. Mama yangu alikuwa ameshatangaza Majengo yote mtoto wake anafanya kazi na madaktari. Ningeanzia wapi? Kila asubuhi nikawa navaa, nachukua baiskeli yangu, naaga, natoka kama mtu anaenda kazi.

Na kwa sababu sikuwa na pa kwenda, nilirudi Ngoliba.

Nilianza boma la kwanza tena. Safari hii sikuuliza mti ni wa wapi. Niliuliza, "Nani alikupa?"

Hapo ndipo mambo yalianza kubadilika. Kumbe hakuna mtu amewahi kupanda mbegu. Fence ya pale hainunuliwi wala haipandwi na mbegu. Ukihamia, unaenda kwa jirani, unaomba vijiti, anakukatia mzigo, unachomeka kwa laini, mvua ikinyesha umeshakuwa na fence. Na kijiti ni mti ule ule umeendelea, si mtoto wake. Ile refu na fupi niliyokuwa naringa nayo ilikuwa ni udongo na maji tu.

Wa chini amepewa na wa juu. Wa juu amepewa na yule wa karibu na mto. Nilifuata hivyo siku kadhaa, jina kwa jina, mpaka kila laini ikaishia kwa Cucu mmoja, mwanamke mzee ambaye alikuwa kati ya wale wa kwanza kuhamia pale.

Cucu hakuwa na muda na mimi, alikuwa anapepeta maharagwe.

"Mimi nilikuja na kijiti kimoja," akasema. "Nilikuwa nachunga mbuzi nacho njiani. Nilipofika nikakichomeka hapo, ndio kikashika. Sasa hiyo ni makosa?"

Nilikaa chini kwa vumbi. Mwanamke mmoja, kijiti kimoja cha mbuzi, na location karibu nzima imezungushwa nacho.

Nikarudi Ruiru siku hiyo hiyo. Daktari alinisikiliza amesimama, akasema hiyo ni hadithi. Lakini aliona vile nilikuwa nimechoka, nafikiri. Akasema, "Sawa. Nitakata mwenyewe."

Akaja Ngoliba na gari, akachagua boma yeye, akakata yeye. Mimi hata box sikuruhusiwa kushika. Tuliporudi Ruiru akapitia kwake nyumbani, akakata jani kwa fence yake mwenyewe. Alitaka iwe ya kulinganisha, ili ionekane vile mti tofauti unatoka kwa picha.

Picha ilipotoka, aliipeleka dirishani akafuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja.

Zote sawa. Na ya kwake pia.

Alienda kwa simu ya ofisi akampigia fundi aliyemjengea, akamuuliza fence alitoa wapi. Fundi alikuwa na dada ameolewa Ngoliba. Vijiti alivitoa kwa huyo dada, akavileta kwa baiskeli.

Daktari alikaa kwa kiti. Yeye mwenyewe alikuwa anaamka kila siku anaangalia huo mti. Akaita wale wale watu wa lab, akasema mbele yao, "Nilimkosea huyu kijana." 

Mnafikiri nilirudi kazi? Wiki iliyofuata project ikafungwa. Kama miti yote ni mmoja, hakuna cha kuchagua, na wadudu wakiujua mmoja wameijua yote. Ukweli ule ule ulionisafisha ndio ulimaliza kazi.

Daktari akaniandikia barua ya kutafutia kazi kwingine. Nikampelekea Mama. Hajui kusoma Kizungu, nikamtafsiria mwenyewe: huyu ni mchapa kazi, na katika muda wake wote hapa hakudanganya.

Mama akaniangalia. "Kwani nani alisema umedanganya?"

Ikabidi nieleze yaliyotokea lab. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa hizo wiki mbili, kila asubuhi nikikuombea dua mlangoni uende kazi salama, ulikuwa unaenda wapi?"

 Nilikuwa nimeshika barua ya kusema mimi si mwongo, na nilikuwa namdanganya yeye kila siku akiwa ameinua mikono.

Siku hizi nasoma kwamba watu wa DNA wamekuta hivyo hivyo kwingi Afrika na Asia, jatropha inafanana sana, tofauti nyingi zimebaki kule Mexico ilikotoka. Kila nikisoma namfikiria Cucu na mbuzi zake.

Nilichojifunza: results zikikushangaza, usikimbilie kumuita mtu mwongo, uliza nani alimpa nani. Na wewe uliyesingiziwa, anza kwa kuwaambia watu wako wa nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo bado inaniuma.

Haya, wenye fence ya huo mti huko kwenu, hebu semeni hapa chini: nani aliwapa?