Vioo vya Haroun

Ndugu yangu Haroun, Mungu amrehemu, alipachika kipande cha kwanza cha kioo kwenye ukuta wa shangazi yetu, Bi Raghad, wiki ile mtambo ulipoanza kuchimba kiwanja cha jirani yake. Kilikuwa kipande chembamba, kimelala juu ya ufa, kimeshikwa huku na huku kwa plasta nyeupe.

"Ukuta ukisogea kiasi cha unywele tu, hiki kitakatika," alimwambia. "Kikikatika, Shangazi, usinisubiri mimi. Toka."

"Nitoke niende wapi? Hii ndiyo nyumba niliyozaliwa."

"Utakuja kwetu, hapo ng'ambo ya kichochoro. Hata viatu huhitaji."

Vioo alivijua tangu utotoni. Baba yetu, Awadh, alikuwa na duka la fremu Bondeni, na Haroun akitoka shule alikuwa akiketi pale akikata vioo vya kufunika Ayatul Kursi na picha za maharusi. Baba alipofariki, duka likawa lake. Alikuwa kijana wa mzaha, hapiti mbele ya mzee bila kumbusu mkono. Jumapili alikwenda na wenzake kuokota taka ufukweni, chini ya barabara ya Mama Ngina, na akirudi ananuka, Mama humzuia mlangoni mpaka aoge.

Siasa hakuitaka. Lakini nyumba za kichochoro chetu hapa Mji wa Kale ni za matumbawe na chokaa, zimejengwa zikiegemeana. Ukichimbua ardhi chini ya moja, ya pili inasikia. Pale penye kiwanja palikuwa na nyumba moja kama hizo. Ilibomolewa, pakazungushwa mabati, likaanza kuchimbwa shimo la ghorofa. Haroun alizunguka maofisini na picha za nyufa, na kila ofisi ilimtuma ofisi nyingine. Siku moja alirudi, akaketi kwenye ngazi.

"Dada Mona, nitagombea uwakilishi wadi," akaniambia. "Nikiwa ndani ya bunge la kaunti watalazimika kunijibu."

Niliomba dua. Sikuipenda habari ile, lakini niliomba.

Hakuwa na magari wala fulana za kugawa. Alikwenda nyumba kwa nyumba na rafiki yake Dishon, kijana wa mtaa wa Tudor anayefanya kazi reli, mmoja kabeba ngazi, mwingine ndoo ya plasta. Palipo na ufa waliweka kioo, wakaeleza kwamba mtu asiruhusiwe kuchimba bila majirani kuridhia. Barazani wakampachika jina.

"Mheshimiwa Kioo! Mimi nyumba yangu haina ufa. Nipe basi cha kunyolea ndevu!"

"Kwa uso huo, Ami, kioo chenyewe kitapasuka, nami nitadhani ni nyumba," alijibu Haroun, na baraza zima likacheka.

Kicheko hakikudumu. Pakazuka maneno kwamba Haroun ametumwa na wenye kiwanja, anawatisha watu wahame ili nyumba zao zinunuliwe kwa bei ya bure. Aliyeyaleta hakujulikana, watu waliyasema wakitazama chini. Baadhi ya nyumba zikabandua vioo vyake. Kisha nikapigiwa simu na nambari nisiyoijua. "Dada wa Haroun? Mwambie duka la fremu linamtosha." Ikakatika. Nilipomweleza alicheka, lakini tangu siku hiyo sikumwona tena akiketi ameupa mlango mgongo.

Katikati ya hayo mume wa shangazi akafariki, na shangazi akakaa eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka nyumbani. Masika yakakolea. Shimo likajaa maji, na pampu ikanguruma kutwa kuyatoa. Chai ilitetema vikombeni. Mlango wa shangazi ukagoma kufunga. Haroun akaupiga randa, ukafunga, kisha ukagoma tena.

Alhamisi moja kioo cha chumba cha nyuma kikakatika. Haroun akaweka kingine mahali pake. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, na hicho kilikuwa kimekatika.

Alirudi mbio kwa imamu, kisha akaja. Mimi nilikuwapo, nimemletea shangazi chakula.

"Shangazi, imamu asema mwenye eda akichelea nyumba kumwangukia, aweza kuhamia mahali pa salama aimalizie huko."

"Najua. Nilifundishwa kabla hujazaliwa."

"Basi vaa buibui twende."

"Sasa hivi? Na baraza limejaa? Mimi mjane nitoke edani mchana kweupe, nimeongozwa na mgombea? Watasema, mwaona, ameanza kumhamisha shangazi yake. Hutapata kura hata ya paka."

"Kura si kitu, Shangazi."

"Kwako si kitu. Mimi kila mwanamke aliyekuja kunipa mkono wa tanzia nimemwambia akupigie wewe." Alimshika shavu. "Nitatoka baada ya isha, watu wakishaingia ndani. Si mbali, mwanangu. Ni leo hii hii."

Haroun alimtazama, kisha akakitazama kioo. Jioni ile alikuwa na mkutano. Akampigia Dishon simu, akamwambia auvunje.

"Basi nitakaa nawe mpaka isha," akasema.

Nikarudi nyumbani kumtandikia shangazi kitanda. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa shangazi mwenyewe. Aliswali alasiri ukumbini, karibu na mlango, akawa anafunga nguo zake kwenye shuka. Haroun alikuwa chumba cha nyuma. Pampu ikanyamaza ghafla. Shangazi anasema kimya kile ndicho kilichomtisha kuliko kelele zote. Akaita, "Haroun, njoo huku."

"Naja, Shangazi. Naangalia hiki cha mwisho."

Mimi nilisikia kishindo. Nilipofungua dirisha, nyuma ya nyumba ya shangazi hapakuwa na kitu ila vumbi jeupe, linapanda ndani ya mvua. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi, anaita jina lile lile.

Dishon alifukua kwa mikono mpaka akamfikia. Tulimzika siku ya pili baada ya adhuhuri, na yule Ami wa ndevu alikuwa wa kwanza kulishika jeneza. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nayasema maneno haya kila siku, na kila siku nahitaji kuyasema tena.

Kura zilipigwa bila yeye. Aliyeshinda alikuja kutupa pole, akapigwa picha na Mama, akaondoka. Kwa muda shimo lilinyamaza. Juzi yamezungushwa mabati mapya, na safari hii yamevuka kichochoro, yamefika nyuma ya ukuta wetu.

Kwetu, chumba cha chini anacholala shangazi kuimalizia eda yake, kipo kioo kimoja alichokipachika Haroun mwenyewe. Alama ya kidole chake imebaki kwenye plasta. Nikimaliza kuswali alfajiri hushuka kukitazama, na hukigusa pale penye alama.

Leo asubuhi mtambo ulianza mapema. Nilipoingia na chai nilikikuta kimekatika katikati.

Nikamwita Mama. Alikuja akainama, akasema labda ni joto. Nje, baraza lilikuwa limejaa watu wanakunywa kahawa, na sauti zao ziliingia dirishani. Shangazi Raghad alikiangalia kioo kile. Kisha akaweka tasbihi chini, akasimama.

"Mona," akasema, "nipe buibui langu. Na mwambie mamako avae lake."