Simu Niliyoichagua kama Ng'ombe

Simu ile niliinunua kwa sababu mke wangu alitaka kuniona.

Alikuwa na goita kwa miaka mingi, na ilipoanza kumbana pumzi, binti yetu alimpeleka hospitali ng'ambo ya ziwa. Daktari aliwaambia wazi kwamba kisu kitapita karibu na mishipa ya sauti. Sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa, inaweza pia isirudi. Mimi nilibaki nyumbani, Bugomora. Nilikuwa na ng'ombe aliyekaribia kuzaa, nikasema siwezi kumwacha. Majirani wangemwangalia, nilijua hivyo. Sikwenda.

Siku tatu kabla ya upasuaji alinipigia kwenye kitochi changu cha siku zote.

"Sauti yako naisikia," alisema, "ila nataka nikuone. Kuna jambo nataka kukuambia huku nakuangalia."

"Si uniambie tu sasa hivi?"

"Baba watoto, nimesema nikuangalie."

Binti alichukua simu akapanga mambo. Alhamisi, saa kumi jioni, watu wanaporuhusiwa kuingia wodini, angenipigia kwa picha kutoka kwenye simu yake, ili mama yake anione. Saa kumi na moja wageni wanatolewa. Ijumaa asubuhi mama anaingia chumba cha upasuaji. Mimi nilichotakiwa ni kuwa na simu janja, basi.

Jumatano nilikwenda mjini Omurushaka na rafiki yangu, mfugaji mwenzangu. Dukani alikuwepo dada mmoja, akatuamkia shikamoo, akaweka mezani simu mbili za bei ya kati. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi. Nyingine ilikuwa pana, nzito, na nyuma ina macho manne ya kamera.

Sasa mimi nimenunua ng'ombe mnadani tangu nikiwa kijana. Ukimtaka ng'ombe huonyeshi kwamba unamtaka. Unamzunguka, unamshika ngozi nyuma ya bega, unatazama kwato, unamdharau kidogo mbele ya mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya. Niliipima ile nzito mkononi, nikaigeuza, nikaigonga mgongo kwa ukucha, nikairudisha mezani kama sina haja nayo. Nikaichukua tena.

"Mzee mwenzangu," rafiki yangu akasema, "unainunua au unaioa?"

Dada akacheka. Akasema hii kubwa ina betri nzuri na picha nzuri, lakini yeye angenishauri hiyo ndogo, maana wateja wake wa vijijini wanasema inashika mtandao vizuri. Nikamwambia kitu chepesi hivyo hakiwezi kuwa na nguvu.

"Mzee unakaa wapi?"

"Bugomora."

"Basi huko mpakani simu hukimbilia minara ya Rwanda, na saa nayo inabadilika. Leta nikufungie ibaki kwenye mtandao wako. Ni dakika mbili tu."

Watu wengine walikuwa wameingia dukani na walikuwa wanasikiliza. Sikupenda kufundishwa simu na binti wa umri wa mjukuu wangu mbele yao.

"Nimesoma mpaka kidato cha nne," nilimjibu. "Nitaisoma mwenyewe."

Akahamisha laini yangu kwenye ile nzito, akanifungia mzigo.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mfugaji yeyote wa huku, kabla ya kumtoa ng'ombe mnadani, huuliza alikotoka na kama atazoea malisho ya kilima chake. Ng'ombe mzuri asiyezoea malisho yako ni ngozi tu inayosubiri siku. Swali hilo nimewafundisha wanangu wote. Siku ile niliulizwa mimi, na jibu niliwekewa mkononi, nikalikataa.

Alhamisi kulikuwa na mawingu mazito tangu asubuhi, jua halikuonekana kabisa. Nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikaweka kiti mlangoni penye mwanga. Simu ilionyesha saa nane na nusu. Nikakaa. Nilifikiria atakachoniambia. Nilidhani ni habari ya shamba, au ya mtoto wetu wa pili ambaye sikupatana naye. Nilidhani pia ataniuliza kwa nini sikwenda, na nikaanza kuandaa majibu, nayo yote yalikuwa mabaya.

Simu ilipoonyesha saa tisa kamili, ndama wakaanza kulia zizini. Ndama wangu hulia saa kumi, wakati mama zao wanapokaribia kurudi kukamuliwa. Hawajawahi kukosea, mvua au jua. Nikawapigia kelele, "Leo mna haraka ya nini?" Ng'ombe nao wakatokea bondeni. Nikamlaumu mchungaji moyoni kwamba amewarudisha mapema. Miaka sabini nimeishi kwa kufuata sauti za wanyama hawa, na siku moja tu ya kuwa na simu ilitosha nisiwaamini.

Saa kumi ya simu ilipofika, haikulia. Nikasubiri. Nikapiga mimi, ikakataa. Nikapiga tena, ikasema maneno kwa lugha ambayo si Kiswahili. Rafiki yangu alikuwa anapita njiani, akaingia kuona bwana harusi, kama alivyoniita. Nikamwambia muda umefika ila hawapigi.

Akatoa kitochi chake mfukoni.

"Muda gani? Sasa ni saa kumi na moja na dakika kumi." Akaitazama simu yangu. "Wewe, mke wako mpya ameshahamia Rwanda, anafuata saa ya huko."

Sikucheka. Naye alipoona uso wangu aliacha, akanipa simu yake. Nikampigia binti.

"Baba, uko wapi? Tumepiga mpaka tumechoka, hupatikani."

"Nipe mama yako."

"Nimeshatoka wodini. Nimewaomba walinzi, wamekataa. Mama alijifunga kile kitambaa chake cha bluu, akakaa kitandani saa nzima ameishika simu hivi, mbele ya uso."

Sikuwa na la kufanya. Ziwa liko katikati, gari la kwanza la kesho lisingeniwahisha. Nikamrudishia rafiki yangu simu yake, nikaenda kukamua.

Upasuaji ulikwenda vizuri, pumzi ikafunguka. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayesema huku amefunikwa blanketi.

Watu hunijia kuniuliza kama simu ya aina hii inafaa kununua. Nawaambia ukweli: chaji inakaa siku mbili, picha ni safi, haijawahi kuzima. Binti alipokuja aliifunga kwenye mtandao wetu, kwa dakika mbili. Simu haina kosa.

Mke wangu yuko nyumbani sasa. Nimemwuliza mara nyingi alitaka kuniambia nini. Mara ya mwisho alikuwa anamenya bitoke, ndizi za chakula cha mchana, nami nimekaa mbele yake, karibu, ananiona vizuri. Nikamwomba. Nikamwambia nastahili kusikia hata kama ni baya.

Alinitazama kwa muda mrefu, kisu kikiwa kimetulia mkononi.

"Yalikuwa ya siku ile," alinong'ona.

Akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya.